Ile Dum ya Kwanza

Hapo kale, wanangu, lakini si kale sana, walikuwepo madaktari wawili waliopishana kauli juu ya jambo ambalo hata wewe unaweza kulimaliza sasa hivi kwa sikio lako. Mmoja alikuwa Mwingereza, William Harvey, aliyemtibu mfalme wake huko London. Mwaka 1628 alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini, akaeleza kwamba moyo ni pampu: unajikaza, damu inatoka, inauzunguka mwili mzima, kisha inarudi ilikotoka. Humo humo akadokeza kwamba kila damu inaposukumwa, kishindo chake husikika kifuani. Akawakumbusha wasomaji wake farasi anayekunywa maji: kila funda linaposhuka, ukimtazama shingo unaliona, ukitega sikio unalisikia.

Wa pili alikuwa akiishi Venice, nchini Italia. Jina lake Emilio Parisano. Alipoyasoma maneno hayo alicheka, na miaka michache baadaye akajibu kwa kejeli kwamba huenda watu wa London wamejaliwa masikio ya pekee, maana kwao Venice hapakuwa na mtu aliyekisikia kishindo hicho.

Msimcheke sana. Parisano hakuwa mbumbumbu, alikuwa daktari msomi. Ila usomi wake haukumzuia kukanusha kitu kilichokuwa kikidunda chini ya mbavu zake mwenyewe.

Leo hakuna anayebisha kwamba moyo una sauti. Swali lililobaki ni tamu zaidi: ukiisikia sauti hiyo, unaweza kujua moyo unajikaza kwa nguvu kiasi gani? Unaweza. Lakini sauti ni shahidi mwenye vituko vyake, na asiyejua kumhoji atadanganywa mchana kweupe.

Tuanze kwa kusikiliza. Moyo hautoi sauti moja kila upigapo, hutoa mbili. Madaktari wa Kiingereza huziandika lub-dup. Mimi nitaziandika dum-ta, kwa kuwa ya kwanza ni nzito na huvuta kidogo, ya pili ni fupi na kavu. Dum-ta. Kimya. Dum-ta. Kimya. Mtu akiwa ametulia, kimya kinachokuja baada ya ta ni kirefu kuliko kile kilicho kati ya dum na ta, na hapo ndipo unapozitofautisha. Bado unachanganya? Gusa mshipa unaodunda shingoni, pembeni mwa koromeo. Sauti inayokwenda pamoja na mdundo huo wa shingo ndiyo dum.

Zinatoka wapi? Moyo wako ni mkubwa kama ngumi yako, na ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu hupokea damu. Vya chini ndivyo vyenye kazi ngumu: cha kulia husukuma damu kwenda mapafuni, cha kushoto huisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna valvu inayoruhusu damu ishuke na kuizuia isipande. Kwenye njia ya kutokea kila chumba cha chini kuna valvu nyingine, inayoruhusu damu itoke na kuizuia isirudi. Jumla valvu nne.

Chumba cha chini kinapoanza kujikaza, valvu iliyo juu yake hufunga. Hapo ndipo dum. Kinapomaliza na kulegea, damu iliyokwisha kutoka hutaka kurudi nyuma, nayo valvu ya kutokea huizuia. Hapo ndipo ta.

Lakini msidhani ndani ya moyo mna vitu vigumu vinavyogongana. Valvu ni tando laini na nyembamba. Ile ya kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, ina tando mbili, na kila moja imeshikwa kwa chini na nyuzi nyingi zilizofungwa kwenye misuli midogo ya ukuta wa moyo. Sasa vitu laini kama hivyo vitaliaje?

Aliyewahi kupanda jahazi au ngalawa atanielewa upesi. Tanga likiwa limelegea, upepo mwanana ukija taratibu, tanga hujaa polepole wala husikii kitu. Upepo huo huo ukija kwa ghafla, tanga hupigwa likakaza, kamba ya demani ikanyooka, foromali ikatikisika, na mlio ukasikika hadi shetri. Hakuna vitu viwili vilivyogongana. Kilicholia ni kule kukaza kwa ghafla. Ndivyo ilivyo moyoni: damu inasukumwa, tando zinavimba kuelekea juu, nyuzi zinazizuia, na damu iliyokuwa ikienda inasimamishwa papo hapo. Valvu, damu na ukuta wa moyo vyote vinatetemeka kwa pamoja. Mtetemo huo ukifika kwenye ngozi ya kifua, sisi tunauita dum.

Mkilishika hilo tanga, mmeshika nusu ya hadithi.

Sasa nguvu inaingilia wapi? Tutazame chumba cha chini cha kushoto. Kabla hakijajikaza, shinikizo la damu ndani yake ni dogo, halifiki hata 15 kwa kipimo cha milimita za zebaki, kile kile wanachokitumia wanapompima bibi presha. Kinapojikaza, shinikizo hupanda hadi kama 80 kabla valvu ya kutokea haijafunguka, na safari hiyo yote huchukua kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kufumba na kufumbua ni muda mrefu zaidi ya huo. Moyo wenye nguvu huipanda ngazi hiyo kwa kasi, na moyo mchovu huipanda kwa kujivuta. Kadiri shinikizo linavyopanda kwa kasi ndivyo tando zinavyokazwa kwa ghafla, na ndivyo dum inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo kinachopimwa na dum ni ile kasi ya moyo kujikaza mwanzoni kabisa mwa pigo, na kasi hiyo ndiyo alama nzuri ya nguvu za misuli yake.

Ile ta ina habari nyingine. Ukubwa wake hutegemea zaidi shinikizo la damu iliyomo kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, wakati valvu inapofunga. Mwenye presha ya kupanda huwa na ta kali. Kwa hiyo mkiniuliza muulize sauti ipi kuhusu nguvu za moyo, nitawaambia: muulizeni dum kwanza, kisha mlinganisheni na ta.

Hata aliyetuletea chombo cha kusikilizia moyo, yaani stetoskopu, alikosea hapa. René Laennec alikuwa daktari Mfaransa katika hospitali ya Necker, Paris. Mwaka 1816 aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya madaktari ilikuwa kuweka sikio moja kwa moja kwenye kifua cha mgonjwa. Kwa msichana yule Laennec aliona haya, na tena msichana huyo alikuwa mnene, hivyo hata kumgonga-gonga kwa vidole kusingesaidia. Akakumbuka jambo ambalo watoto wengi wanalijua: ukiweka sikio kwenye ncha moja ya ubao mrefu, mwenzako akikwaruza kwa pini kwenye ncha ya pili, unasikia. Akachukua daftari la karatasi, akalikunja likawa bomba gumu, ncha moja akaiweka kifuani kwa mgonjwa, nyingine sikioni kwake. Akausikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu.

Laennec alikuwa mpigaji filimbi na fundi wa mbao pia, basi akachonga mabomba ya mti kwa mkono wake. Mwaka 1819 akatoa kitabu kikubwa juu ya aliyoyasikia. Bado bomba lake lina ndugu hai hapa kwetu: kile kidude chenye umbo la tarumbeta ambacho mkunga humwekea mama mjamzito tumboni kisha akakiinamia kwa sikio. Kama umewahi kumsindikiza mama kliniki, huenda umekiona. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kama mara 110 hadi 160 kwa dakika, na mkunga mwenye sikio zuri huuhesabu bila umeme wala betri.

Nilisema alikosea. Laennec alidhani dum ni vyumba vya chini vikijikaza, hapo sawa, na ta ni vyumba vya juu vikijikaza. Hilo la pili si kweli, maana vyumba vya juu hujikaza kabla ya dum, si baada yake. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826, akiwa na miaka 45. Miaka 6 baadaye, mwaka 1832, Mfaransa mwingine, Joseph Rouanet, akaeleza kwamba sauti zote mbili zinatokana na kufunga kwa valvu. Mimi humpenda Laennec hata kwa kosa lake. Yeye ndiye aliyewapa waliokuja baadaye kitu cha kusahihisha.

Basi sasa zamu yenu. Tafuteni mtu mwenye afya njema, kaka, dada au rafiki. Msimkamate babu mwenye presha mkamkimbiza uani, mtanitafutia kesi. Kunjeni karatasi ya manila iwe bomba la upana wa vidole viwili hivi, muifunge kwa gundi ya karatasi. Mwenzenu akae atulie kwa dakika tano. Zimeni redio, fungeni mlango. Wekeni bomba chini kidogo ya chuchu ya kushoto, hapo ncha ya moyo inapogusa ukuta wa kifua, na ndipo dum husikika zaidi. Kisha lisogezeni juu, kando ya mfupa wa katikati ya kifua, kwenye nafasi ya pili kati ya mbavu. Hapo ta ndiyo husikika zaidi.

Rudini chini ya chuchu, msikilize tena mpaka sikio lizoee. Halafu mwambieni akimbie mbio za mahali pamoja kwa dakika mbili, magoti juu, asidanganye. Akisimama tu, wekeni bomba pale pale.

Mtasikia mambo mawili. La kwanza kila mtu analitegemea: moyo unakwenda mbio, na kile kimya kirefu baada ya ta kimefupika, karibu kilingane na kile kifupi. La pili ndilo nililowaitia. Dum imekua. Inagonga sikio. Ta haikukua kwa kiasi hicho.

Kwa nini? Kwa sababu mwenzenu alipokimbia, mishipa ya fahamu na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zake ziliumwagia moyo kemikali, adrenalini ikiwamo, za kuuamrisha upige haraka na pia ujikaze kwa nguvu. Ngazi ile ya shinikizo ikapandwa mbio zaidi, tando zikakazwa kwa ghafla zaidi. Kwenye aota, shinikizo la wakati valvu inapofunga halikubadilika sana, ndiyo maana ta ilibaki nyuma. Mtu akitulia, moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 ingejaa kwa dakika nne. Akikimbia kwa juhudi, ndoo hiyo hiyo inaweza kujaa kwa dakika moja, na kwa wanariadha wakubwa hata chini ya hapo. Hofu nayo hufanya vivyo hivyo. Mwalimu akiita jina lako nawe hukufanya kazi ya nyumbani, dum unayoisikia masikioni imetoka kwenye tezi zile zile.

Kinyume chake pia ni kweli. Misuli ya moyo ikidhoofika kwa ugonjwa, dum hufifia. Zipo hata dawa zinazozuia adrenalini isiuamrishe moyo, na mtu akizimeza dum yake hupoa.

Sikio, hata hivyo, lina udhaifu wake. Sauti za moyo ni nzito mno, na sehemu yake kubwa iko chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia vyema. Tena sikio halina kumbukumbu ya vipimo: dum ya leo na ya wiki iliyopita, ipi kubwa? Ndiyo maana Mholanzi Willem Einthoven, mwaka 1894, alitumia mashine kuzichora sauti hizo zikawa mistari ya mawimbi unayoweza kuipima kwa rula. Siku hizi stetoskopu za kielektroniki hufanya hivyo papo kwa papo. Watafiti wamezitumia kumpima mtu akiwa ametulia, kisha baada ya mazoezi, wakaona dum imekua mara ngapi. Moyo wenye akiba ya nguvu huongeza dum yake kwa kiasi kikubwa. Usio na akiba huongeza kidogo.

Mmeona walivyomlinganisha mtu na nafsi yake? Hapo ndipo penye siri ya kumhoji huyu shahidi. Usichukue dum ya Asha ukailinganisha na ya Juma, ukasema moyo wa Juma ni dhaifu. Huenda Juma ana kifua kinene tu, na nyama na mafuta humeza sauti. Mapafu yaliyovimba hewa huimeza. Maji yakijaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, huimeza kabisa. Moyo wa Juma unaweza kuwa na nguvu kama wa ng'ombe wa kulima na bado ukasikika kama uko chumba cha pili.

Kuna ujanja mwingine, na hapa turudi kwenye tanga letu. Vyumba vya juu vikishajikaza, vya chini husubiri kidogo, kama sehemu mbili za kumi za sekunde au pungufu, ndipo navyo vijikaze. Subira hiyo ikiwa fupi, tando zinakutwa zimelegea wazi kabisa, zinarushwa safari ndefu, na dum inakuwa kubwa. Ikiwa ndefu kupita kiasi, tando zimekwisha kuelea zikakaribiana zenyewe, na zinapokazwa hazina pa kwenda. Dum inakuwa ndogo. Nguvu ni ile ile, upepo ule ule, tofauti ni namna tanga lilivyokuwa limekaa.

Na kuna sauti ya tatu, ambayo lazima niitaje msije mkaogopa. Kwa watoto na vijana, mara nyingine daktari husikia mdundo hafifu baada ya ta: dum-ta-du. Ni damu inayoingia kwa kasi kwenye chumba cha chini. Kwa umri wenu ni kawaida, wala si ugonjwa. Sauti hiyo hiyo ikisikika kwa mzee anayehema akipanda ngazi na kuvimba miguu, daktari hukunja uso, kwa sababu mara nyingi ni dalili ya moyo uliochoka.

Kituko kikubwa kuliko vyote nimekiweka mwisho. Wapo wagonjwa ambao dum yao ni kubwa, kavu, ya kupendeza sikio, na asiyejua angewapongeza. Kumbe valvu yao ya kushoto imeharibika. Tando zimeshikana, njia imekuwa nyembamba, damu inasongamana juu na kuzilazimisha tando zikae wazi hadi chumba cha chini kinapokuwa kimeshika kasi ya kujikaza. Hapo hufungwa kwa kishindo. Hiyo dum kubwa si ya nguvu, ni ya valvu gonjwa, na moyo huo huo hausukumi damu ya kutosha. Daktari mzoefu hatosheki na dum, hutafuta pia mngurumo mzito unaosikika pale palipostahili kuwa kimya.

Ugonjwa huo, wanangu, mara nyingi huanza utotoni. Huanza na koo. Bakteria waitwao streptokoki huleta mafindofindo, mwili unapigana nao, na kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, vita hiyo inageuka kuwa homa ya rumatiki: viungo vinavimba na kuuma, na valvu za moyo nazo zinashambuliwa. Viungo hupona. Valvu huenda zisipone, na madhara yakajitokeza miaka mingi baadaye. Ulaya na Marekani ya Kaskazini ugonjwa huu umekuwa nadra, lakini Afrika Mashariki bado upo, na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, madaktari wanapasua vifua kutengeneza au kubadilisha valvu za aina hiyo.

Kwa hiyo chezeni na bomba la karatasi mnavyotaka, mkimbizane, msikilizane mpaka mjue dum na ta hata usingizini. Lakini koo likikuuma na homa ikakupanda, usinyamaze ukingoja lipoe lenyewe. Mwambie mama au baba akupeleke zahanati. Na mganga akikuandikia dawa za siku kumi, zimeze siku zote kumi, hata kama koo limepona siku ya tatu.